Shahidi wa Kwanza wa Kifafa

Muulize mwalimu wa shule ya msingi, awe Ulanga, Kilifi au Iganga, kama amewahi kusikia habari za kifafa, naye atakushangaa kwa kuuliza. Kusikia amesikia, na walio wengi wameona kwa macho: mtoto kadondoka mstarini asubuhi, au kaanguka kando ya dawati katikati ya somo la Hisabati, mwili umekakamaa, macho yamepinduka, povu mdomoni, wenzake wamekimbilia mlangoni. Tafiti walizofanyiwa walimu katika nchi kadhaa za Afrika zinakubaliana juu ya hilo. Jina la ugonjwa linajulikana na sura yake inajulikana. Pengo linaanza mwalimu anapoulizwa afanye nini mtoto akianguka, na linapanuka zaidi anapoulizwa ni dalili gani nyingine, mbali na kuanguka, zinazoweza kuwa kifafa.

Kila Jumatatu ya pili ya Februari, Siku ya Kifafa Duniani, walimu huambiwa waache unyanyapaa. Ujumbe huo si mbaya, ila unamlenga mtu asiye mwenyewe. Mwalimu anayemchukia mtoto kwa sababu ya kifafa yupo, lakini si yeye anayezijaza nyumba zetu watoto walioacha shule. Wapo wawili wengine wanaostahili kuzungumziwa. Wa kwanza ni mwalimu mwema mwenye hofu, anayemtoa mtoto shuleni kwa huruma. Wa pili ni mwalimu makini, anayeona kifafa mbele yake kila siku na kukiita uvivu. Wote wawili hawajafanyiwa haki, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba katika ugonjwa huu wao ni mashahidi wakuu, na kwamba kliniki inawahitaji kuliko wao wanavyoihitaji kliniki.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliopita nyumba kwa nyumba katika maeneo matano ya Afrika na kuwahoji watu zaidi ya laki tano, ulikuta wagonjwa wa kifafa cha degedege 7.8 kwa kila watu 1,000 Kilifi, 10.3 Iganga na Mayuge nchini Uganda, na 14.8 Ifakara. Huko Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliohesabu watoto wa miaka 6 hadi 14 peke yao walipata karibu watatu kwa kila elfu. Hata ukishika kiwango hicho cha chini, shule yenye wanafunzi elfu moja inatarajiwa kuwa na watoto watatu hivi wenye kifafa. Mwalimu mkuu anayesema shuleni kwake hakuna hata mmoja ana mambo mawili ya kujiuliza: wamekwenda wapi, au ni nani aliyewaficha?

Zingatia pia kwamba utafiti ule wa maeneo matano ulihesabu kifafa cha kukakamaa na kutikisika mwili tu, kile ambacho jirani akiulizwa anaweza kukitaja. Kifafa cha kimya hakimo katika hesabu hiyo. Nitakirudia baadaye, maana hicho ndicho kinachokaa darasani bila kugunduliwa.

Mwaka 1993 madaktari Rwiza, Matuja na wenzao walichapisha matokeo ya mahojiano na wakuu wa kaya zaidi ya 3,000 wa vijijini Tanzania. Asilimia 62.7 walisema wasingemruhusu mtoto mwenye kifafa kwenda shule. Takwimu hiyo hunukuliwa mara nyingi kama ushahidi wa ujinga wa wanavijiji, lakini ukisoma sababu walizotoa unakutana na watu wa aina nyingine. Asilimia 65.9 ya waliokataa walihofia mtoto ataanguka akiwa peke yake. Asilimia 54 walidhani akili yake ni pungufu. Waliohofia kwamba atawaambukiza wenzake walikuwa asilimia 11.2 tu. Kilichomzuia mtoto nyumbani zaidi ya yote kilikuwa hofu juu ya usalama wake, yaani upendo.

Waliohojiwa hawakuwa walimu, na miaka zaidi ya 30 imepita. Lakini walimu hawaletwi kutoka nchi nyingine. Wamezaliwa katika kaya hizo, na hofu hiyo wameingia nayo ofisini. Ndiyo maana sentensi inayomwondoa mtoto shuleni hutamkwa kwa sauti ya upole: "Mama, mpeleke kwanza mwanao akatibiwe, akipona atarudi." Hakuna tusi ndani yake, wala hakuna anayeweza kumshitaki aliyeisema. Tatizo ni neno "kwanza". Malaria hupona, mtoto akarudi baada ya wiki. Kifafa hutulizwa kwa dawa zinazonywewa kila siku kwa miaka, na dawa nyingine huhitaji miezi kupandishwa kidogo kidogo hadi kufikia kiwango kinachofaa. Shule inayosubiri mtoto apone ndipo arudi imemfukuza, ila haijaandika barua.

Mzazi hujifunza haraka. Anayefuata hataleta habari ofisini. Atamwandikisha mtoto darasa la kwanza na kunyamaza, akiomba kifafa kisitokee saa za masomo. Waswahili tuna methali ya kumtisha mzazi wa namna hii, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mficha maradhi naye ana hesabu zake: aliyesema ukweli mwaka jana mtoto wake yuko nyumbani, na aliyenyamaza mtoto wake anasoma. Matokeo yake mwalimu hugundua siku mtoto anapoanguka, bila taarifa, bila kujua huwa inachukua muda gani, bila namba ya simu ya nyumbani iliyo hewani. Anababaika mbele ya watoto 80. Kesho yake anataka mtoto aondoke, na mzazi mwingine anayesikia habari hiyo anaamua kuficha zaidi. Huu ni mzunguko, na mahali pa kuukatia ni ofisi ya mwalimu mkuu, siku mzazi wa kwanza anaposema ukweli.

Sasa tuichukulie hofu ya mwalimu kwa uzito unaoistahili. Mwalimu wa zamu anawajibika kwa watoto mamia. Zahanati inaweza kuwa kilomita kadhaa, na gari la kwanza kupatikana ni bodaboda. Mtoto akifia mikononi mwake, wazazi, mtendaji na polisi watamuuliza yeye. Mtu aliye katika hali hiyo ukimwambia "usiogope" hujamsaidia. Msaidie kwa kumpa kipimo cha kujua lini aogope na lini asubiri.

Kipimo kipo, nacho ni saa. Kifafa cha kutikisika mwili mzima mara nyingi huisha chenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutazama saa ya mkononi au ya simu tangu kilipoanza, kwa sababu dakika moja ya kifafa humwonekea mtazamaji kama dakika kumi. La pili ni kusogeza madawati, mawe na chochote kinachoweza kumjeruhi, na kuweka sweta lililokunjwa chini ya kichwa chake. La tatu ni kulegeza tai au kifungo cha shingoni. Mtikisiko ukiisha, alazwe ubavu ili mate na matapishi yatoke badala ya kurudi kooni, na mtu abaki naye mpaka ajitambue. Kikipita dakika tano, au cha pili kikaanza kabla hajajitambua, au ndiyo mara yake ya kwanza maishani, au amejeruhiwa, au ameangukia majini, au anapumua kwa shida baada ya kutulia, hapo bodaboda iitwe bila kujadiliana. Hayo yote yanaenea kwenye karatasi moja ukutani.

Yasiyofaa nayo yanajulikana, kwa sababu ndiyo tunayoyaona yakifanyika. Kijiko au kijiti hutiwa kati ya meno eti asimeze ulimi. Ulimi haumezwi, umeshikamana na sakafu ya kinywa. Kijiko huvunja meno, na kidole cha mwalimu hukatwa. Wengine humshika mikono na miguu kwa nguvu, wakaweza kumtegua bega, ilhali mtikisiko haupungui. Maji, kitunguu, kiatu na kiberiti cha kunusishwa havizimi chochote. Kifafa kikikoma wakati kiatu kiko puani, kiatu hupewa sifa ya kazi ambayo ubongo umeimaliza wenyewe.

Kisha kuna lile linalosemwa kwa kunong'ona, kwamba anayegusa povu la aliyeanguka, au akasikia harufu ya ushuzi wake wakati ule, naye atashikwa. Katika utafiti ule wa 1993, asilimia 40.6 ya waliohojiwa waliamini kifafa huambukiza kwa njia kama hizo, na theluthi moja walisema wangekaa mbali wasimguse mtu aliyeanguka. Darasani imani hiyo hugeuka kuwa sekunde za hatari: mtoto analala kifudifudi, mate yanamrudia, na watu 80 wamemzunguka kwa mbali. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa kwa sababu hawezi kumeza. Likiwa na damu, amejing'ata ulimi au shavu. Hakuna kifafa ndani yake.

Ila hapa nina ugomvi mdogo na wataalamu wenzangu. Tumezoea kusema "kifafa hakiambukizi" na kunyamaza, halafu kesho yake tunafundisha kwamba kifafa kinaweza kusababishwa na minyoo ya tegu ya nguruwe, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au usubi. Mwalimu wa Sayansi ana haki ya kuona tunajipinga. Maelezo kamili si marefu. Mayai ya tegu huingia mwilini kwa chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, na viluwiluwi vyake vikifika kwenye ubongo huacha kovu au uvimbe. Usubi huletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, kama ile ya milima ya Mahenge. Maambukizi hayo yanahusu choo, ukaguzi wa nyama, chandarua na dawa ya usubi inayogawiwa vijijini. Kifafa ni athari inayobaki kwenye ubongo wa aliyeathirika, na hakuna njia ya athari hiyo kuhama kutoka ubongo wake kwenda ubongo wa mwingine, iwe kwa mate, kwa hewa au kwa kukaa dawati moja. Mwalimu akielezwa hivi ataweza kumjibu mzazi mbishi. Akipewa kaulimbiu peke yake, ataishiwa maneno kwenye swali la pili.

Sasa nije kwa mwalimu wa pili, yule makini. Aina moja ya kifafa cha watoto, ambayo kwa kawaida huanza kati ya miaka minne na kumi, haimwangushi mtu. Mtoto anasoma kwa sauti, anakatika katikati ya neno, anatazama mbele kwa sekunde kama kumi, kope zikipepesa kidogo, kisha anaendelea bila kujua kwamba alikatika. Inaweza kutokea mara kadhaa kwa siku, hata makumi ya mara. Imla aliyoandika imerukwa maneno. Akiitwa jina haitiki. Akiitwa tena anaitika. Mwalimu huhitimisha kwamba hasikilizi, na kwa kuwa hilo linajirudia kila siku baada ya onyo, huonekana ni kiburi.

Tuseme wazi kinachofuata. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania ina kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinazotaka mwalimu mkuu aidhinishe na viboko visizidi vinne. Zote mbili, sheria na mazoea yanayoikiuka, zinadhani kwamba mtoto alisikia na akaamua kutotii. Mtoto niliyemweleza hapo juu hakusikia. Ubongo wake ulikuwa umezimika kwa sekunde kumi. Mwalimu hawezi kulijua hilo kwa kumwangalia mara moja, lakini anaweza kulishuku kwa kuangalia mpangilio: je, anakatika hata akiwa katikati ya kitu anachokipenda, kama mchezo au hadithi? Anayeota ndoto za mchana huamka ukimgusa bega. Huyu haamki mpaka sekunde zake ziishe. Hiyo ni tofauti anayoweza kuijua mtu anayekaa na mtoto saa sita kwa siku, na daktari anayemwona dakika kumi kila baada ya miezi mitatu hana namna.

Aina nyingine huanzia sehemu moja ya ubongo. Mtoto anahisi kitu kikipanda kutoka tumboni, au hofu isiyo na sababu, kisha anatafuna bila chakula, anapapasa vifungo vya shati, pengine anainuka na kutembea katikati ya somo. Hali hiyo huchukua nusu dakika hadi dakika mbili, na baadaye hubaki amechanganyikiwa. Akishikwa mkono kwa nguvu wakati huo anaweza kumsukuma mwalimu, akaandikwa kwenye kitabu cha makosa kwamba amempiga.

Ya tatu inahusu sekondari, hasa za bweni. Kijana wa miaka 12 hadi 18 hushtuka mikono asubuhi muda mfupi baada ya kuamka. Kikombe cha uji kinaruka, mswaki unadondoka, wenzake wanacheka. Haya huweza kuendelea miezi kabla ya siku anayoanguka mzima mzima, na siku hiyo mara nyingi ni baada ya usiku wa kulala kidogo. Shule zinazoamsha watoto saa kumi alfajiri kusoma, na kuwalaza saa tano, haziwapi vijana kifafa. Zinakichokoza kwa wale ambao tayari wanacho. Matroni anayejua hili atampa kijana huyo ruhusa ya kulala saa zake kamili, na huenda akawa amemtibu kuliko kidonge cha pili.

Na huko Mahenge iko sura nyingine tena. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyefika huko miaka ya mwisho ya ukoloni na kuanzisha kliniki ya kifafa, aliandika miaka ya 1960 juu ya watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara. Wenyeji walikuwa na msemo wao wa hali hiyo, amesinzia kichwa. Miongo kadhaa baadaye hali kama hiyo ikawashtua madaktari Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, ikapewa jina lake la kitabibu na kuhusishwa na maeneo yenye usubi. Mtoto huanza kuinamisha kichwa hivyo, mara nyingi akianza kula, kabla ya kuanza kuanguka. Katika shule ya ukanda ule, mwanafunzi anayesinzia kwenye uji wa saa nne si lazima awe hakulala usiku.

Kwa nini maelezo ya mwalimu yana thamani hivyo? Kwa sababu kifafa hutambuliwa kwa kusimuliwa. Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na mashine za kupima umeme huo zimeenea duniani, lakini kipimo hicho kikifanywa mtoto akiwa ametulia kinaweza kuonyesha hali ya kawaida ilhali kifafa anacho. Hospitali nyingi za wilaya hazina mashine hiyo, wala daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Swali la mtabibu linabaki lile lile: nani alimwona, na aliona nini? Mtoto mwenyewe hawezi kujibu, kwa sababu hakuwepo kwa fahamu zake. Mama yake alikuwa shambani au sokoni. Aliyeona ni mwalimu, na mwalimu hajaulizwa.

Jibu lake linabadilisha dawa. Kabamazepini, inayopatikana katika vituo vyetu vingi, inafaa sana kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Mpe yule mtoto anayekatika na kuzubaa, au kijana wa kushtuka mikono, kifafa chake kinaweza kuzidi. Kinachotofautisha mtoto wa kuzubaa na yule anayetafuna bila chakula ni sekunde ngapi, mara ngapi kwa siku, na alikuwaje baada ya hapo: alirudi papo hapo, au alichanganyikiwa? Mistari mitatu iliyoandikwa na mwalimu wa darasa kwenye karatasi ya daftari, ikabebwa na mama hadi kliniki, inaweza kuokoa mwaka mzima wa dawa isiyofaa.

Video ya simu husaidia zaidi ya maandishi, na madaktari huiomba. Hapa lazima kuwe na nidhamu. Ichukuliwe na mtu mzima mmoja, baada ya mtoto kuwekwa salama na kwa ruhusa ambayo mzazi ameshaitoa, itumwe kwa mzazi na ifutwe. Mwanafunzi aliyeloa mkojo akiwa ametupwa kwenye kundi la WhatsApp la kata hatarudi shuleni hata akipona. Kanga ya kumfunika na sare ya akiba ofisini ni vifaa vya huduma ya kwanza sawa na pamba na dettol.

Ushuhuda mzuri pia hutenganisha kifafa na mambo yanayofanana nacho. Shule zetu, hasa za wasichana, huwa na vipindi vya wanafunzi wengi kuanguka na kupiga kelele kwa pamoja, na walimu huita viongozi wa dini kwa kuamini ni mapepo. Kagera inakumbuka mfano wa ajabu zaidi: mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, kicheko kisichozuilika kiliwashika wanafunzi 95 kati ya 159 na shule ikafungwa. Ubongo wa kundi lenye msongo unaweza kuugua hivyo, na hakuna anayejifanya. Lakini si kifafa, na dalili zake husema: wengi kwa mkupuo, macho yakiwa yamefumbwa, kwa muda mrefu, kwa kupanda na kushuka. Kifafa humkamata mmoja, kwa dakika chache, macho mara nyingi yakiwa wazi. Shule isiyotofautisha haya humbebesha mtoto mmoja mwenye kifafa lawama za bweni zima, akaambiwa ndiye aliyeleta pepo.

Liko jambo jingine ambalo kampeni hulikwepa. Walimu huambiwa kwamba watoto wenye kifafa wana akili kama wengine. Wengi wao ni kweli. Lakini baadhi walipata kifafa kwa sababu ubongo uliumia, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au kwa malaria kali utotoni, na jeraha hilo hilo likagusa kumbukumbu, lugha au utulivu. Dawa nazo zina mchango. Fenobabitali, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na bado ni tegemeo la zahanati kwa kuwa ni rahisi, humfanya mtoto mmoja asinzie na mwingine asitulie kwenye kiti. Mwalimu aliyeahidiwa mtoto wa kawaida, akapewa anayehitaji kurudiwa somo, atahisi amedanganywa na hatawaamini wataalamu tena. Aelezwe ukweli: huyu aweza kuwa wa kwanza darasani, yule atahitaji msaada, na usingizi wa ghafla baada ya dawa kubadilishwa ni habari ya kumpelekea mtabibu. Si mwalimu wa kumwachisha dawa, wala mzazi. Fenobabitali ikikatwa ghafla inaweza kuleta kifafa mfululizo kisichokoma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa vizuri, ilhali katika nchi maskini robo tatu hawapati tiba wanayohitaji. Mpango wa dunia wa miaka 2022 hadi 2031, uliopitishwa na mkutano mkuu wa shirika hilo, unataka sekta zote zihusike, si afya peke yake. Kwa shule, kuhusika huko si ghali. Wakati wa kuandikisha, fomu iulize kuhusu kifafa na iandikwe juu yake kwamba jibu halitatumika kumkataa mtoto. Kila shule iwe na daftari la matukio lenye saa ya kuanza, saa ya kuisha, alichofanya na alivyokuwa baadaye. Wanafunzi wa darasa wafundishwe kumlaza ubavu, kwa kuwa wao hufika kabla ya mwalimu. Mtoto asipewe zamu ya jiko la kuni, kuchota maji kisimani au kupanda juu, na hapo marufuku iishie. Mpira acheze, aimbe kwaya, awe kiranja.

Na pawepo na kanuni moja ya maandishi: mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya kifafa mpaka mtabibu aandike kwa nini na kwa siku ngapi. Kanuni hiyo haimlazimishi mwalimu abadili moyo wake. Inauhamisha uamuzi kutoka kwenye hofu yake kwenda kwa mwenye ujuzi, na inampunguzia lawama anazoziogopa.

Nimeisoma mitaala ya semina nyingi zinazoanza kwa kumtaka mwalimu apende kwanza, ndipo ajifunze. Mpangilio huo ugeuzwe. Mpe mwalimu kazi anayoiweza, yaani kutazama, kuhesabu dakika, kumlaza ubavu na kuandika, kisha mwonyeshe kwamba alichoandika kimesomwa na dawa imebadilishwa. Mwenye kazi ya kufanya hana muda wa kukimbia, na aliyeona mtoto akitulia kwa sababu ya maelezo yake hatamwomba mama mtu ampeleke nyumbani akapone kwanza.